Siku Ambokile Alipong'oa Minyaa

Shemeji yangu Ambokile alijua kulia. Tangu aokoke, haikupita Jumapili kanisani kwetu Tangini, hapa Kibaha, bila leso yake kulowa. Alilia wakati wa sifa, akalia wakati wa sadaka, na akinamama wakamwonea raha. "Mwoneni, Bwana amemgusa!" Mimi nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, nikimtazama kwa macho makavu.

Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ndugu hao wawili waliteremka kutoka Tukuyu wakiwa vijana, wakafyeka mashamba yanayopakana kule Marui, Kisarawe, wakapanda mstari wa minyaa katikati uwe mpaka. Mume wangu alipofariki, mimi nikiwa bado nimekalia mkeka wa msiba huku Kibaha, Ambokile aliikata minyaa ile akapanda mingine ndani kabisa ya shamba langu. Mikorosho yangu iliyokuwa inazaa vizuri yote ikawa upande wake.

Nilipokwenda kuokota korosho zangu, alinishtaki kwenye mkutano wa kijiji. Akasimama mbele ya watu akaniita mwizi. "Mama Aneth hata jina lake hawezi kuliandika," alisema, "mpaka ataujulia wapi?" Watu wakacheka. Nikarudi Kibaha, nikachoma vitumbua, nikamlea Aneth wangu. Shamba liliniuma, lakini kicheko kile kiliniuma zaidi. Nilikuwa nakisikia hata nikikoroga unga.

Basi mtu huyo akahamia Tangini, na akaokoka. Pombe aliacha, siwezi kumnyima hilo; hata mkewe, Recho, alinenepa. Jumapili moja kabla ya ubatizo, Mchungaji Melkiori aliwaita mbele wanaobatizwa watoe ushuhuda. Ambokile akaitoa leso mapema.

"Nilikuwa mlevi, nilikuwa mgomvi, nilikuwa tope tupu," alisema akilia. "Na kama kuna mtu yeyote niliyemkosea, naomba anisamehe."

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mimi nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Alinikuta nyumbani naosha sufuria.

"Shemeji, mbona umetoka katikati ya ushuhuda wangu?"

"Nilikwenda kumtafuta huyo mtu."

"Mtu gani?"

"Uliyemwomba msamaha. Umesema kama yupo. Nikadhani labda amesimama nje."

Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Shemeji, Mungu ameshanisamehe. Ya kale yamepita."

"Kwani Mungu ndiye mwenye shamba Marui? Ndiye uliyemwita mwizi watu wakacheka?"

Nilingoja leso itoke. Haikutoka. Aliinamisha kichwa, akatazama maji machafu ya sufuria yakipita miguuni pake, na kwa mara ya kwanza tangu aokoke nikamwona ana macho makavu. Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza.

"Nikisema kule, watanicheka," alisema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Mimi walinicheka. Sijafa."

Aliondoka bila kuaga. Recho ndiye aliyeniambia kwamba alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji, akaomba asibatizwe kwanza. Mchungaji hakumbembeleza. Alimwambia maji yapo, hayakimbii.

Ijumaa watu wa Marui walipotoka msikitini, walimkuta Ambokile amesimama mbele ya ofisi ya kijiji, palepale aliponiita mwizi. Alikuwa ameniomba nije, nami nikaja, nikasimama mbali kidogo na mkoba wangu kwapani.

"Minyaa niliihamisha mimi," alisema. "Shemeji yangu hakuiba. Korosho zile zilikuwa zake. Mwizi ni mimi."

"Eee, ulokole umemkolea huyu!" kijana mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka. Safari hii kicheko kilikuwa chake. Akakipokea, akarudia maneno yale yale, kwa sauti zaidi, mpaka wakanyamaza.

Mzee Mwishehe, jirani yetu wa shamba, akakohoa. "Mwanangu, tulijua wote. Minyaa haitembei. Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe."

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mama."

"Kumbe mlijua, na mkacheka?"

Mzee alivua kofia yake, akaishika mkononi. Kisha akaenda kuleta jembe.

Tulikwenda shambani, watu wakifuata nyuma. Mzee akaonyesha ulipokuwa mpaka wa zamani. Visiki vya minyaa ya kwanza vilikuwa bado vipo ndani ya majani. Vijana walitaka kusaidia, Ambokile akakataa. Aling'oa minyaa yake mwenyewe, shina kwa shina, na anayeijua minyaa anajua utomvu wake unavyochoma. Ukamrukia machoni. Akapiga kelele, akapiga magoti, machozi yakamtiririka kuliko Jumapili zote.

Nilimwacha kidogo. Sitasema uongo, nilimwacha kidogo. Kisha nikachukua dumu la maji la Mzee Mwishehe, nikamshika kichwa, nikammwagia.

"Fumbua macho, shemeji."

"Yanawaka!"

"Fumbua. Maji yataingiaje?"

Akafumbua. Yalikuwa mekundu kama pilipili. "Nisamehe, Mama Aneth," alisema. Hakuweka "kama".

"Nimekusikia," nikasema. "Inama tena, bado jicho la kushoto."

Alibatizwa mwezi uliofuata. Ushuhuda wake safari ile ulikuwa mfupi: alilitaja shamba, akanitaja kwa jina langu, akakaa. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mimi nilikuwa benchi la mbele, na nikasema amina.

Msimu huu korosho zimeanguka nyingi. Naziokota mchana kweupe, na wapita njia wa Marui wananiuliza habari za shamba langu. Nawajibu nzuri, kwa sababu ni nzuri. Mchana Recho huniletea wali, na Ambokile hula nasi chini ya mikorosho yangu, upande wangu wa mpaka, akiwa amekaribishwa.