Toleka Kitandani kwa Daktari

Nawaambia ninyi, maana mke wangu ameshachoka kucheka. Mimi nabeba watu kwa baiskeli pale mtaani Makiso, na hapa Kisangani baiskeli na mwenye kuiendesha tunaitwa jina moja: toleka. Mtu akiita hivyo, nageuka hata nikiwa kanisani.

Juma lililopita ukucha wa kidole gumba cha mguu ulizama nyamani, nikashindwa kukanyaga pedali. Nikaenda zahanati wauondoe. Daktari alinichoma sindano ya ganzi, akanionya kwa heshima, kama mtu anavyomwita baba, "Papa, usitikise muguu hata kidogo."

"Docteur, mimi siko mutoto," nikajibu.

Kidole kikapotea. Mvua ikanong'ona juu ya mabati, na mimi nikaondoka polepole na usingizi. Nilijiona naendesha juu ya mto, maji laini kama barabara mpya, magurudumu hayalowi, mguu hauumi, na mji wa Isangi unanijia kwa mbali na harufu ya samaki wa moshi.

Daktari alikuwa amemaliza kukata. Akataka kumwambia muuguzi, "Tupite kwenye dawa." Ila alisema kwa Lingala, na kwa Lingala "tupite" ni toleka.

Mteja ameita. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zote.

"Panda, papa," nikasema. "Tunaenda wapi?"

Nilipofungua macho, beseni la dawa lilikuwa sakafuni, na dawa nyekundu ilichuruzika kwenye miwani ya daktari. Mguu wangu ulikuwa kifuani kwake.

"Mimi nashuka hapa, papa," akasema.