Kinywaji cha Msafara

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo kitabu kimoja cha msafiri wa zamani aliyepita huku na msafara wake nilikisoma polepole, na pengine sikukielewa vizuri. Lakini pale anaposema huku kwetu walikaribishwa kwa pombe ya asali iliyochanganywa na ya mtama, tamu mdomoni na chungu kooni, nilirudia mara nyingi. Shangazi yangu wa Misigiri alikuwa akisema hivyo hivyo siku zote: bibi yake, akiwa msichana, aliwapa watu wa misafara kinywaji hicho. Ukoo ukamwita muongo. Sasa amezeeka, na sikutaka afe na jina hilo.

Nikajaribu mwenyewe, nyumbani Shelui. Nilichemsha asali pamoja na uji wa kimea, kikatoka kitu kama dawa ya kikohozi. Nikarudia, ikachacha hata nguruwe wa jirani wakaiacha. Nikaanza kufikiri labda kweli shangazi anatunga. Hata hivyo nikapanda gari kwenda Misigiri.

Aliniuliza asali aliitia nani. Nikasema mimi. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe zamani pombe ya asali ilikuwa kazi ya wanaume, wenye mizinga, na ya mtama ilikuwa ya wanawake. Kila upande ulitengeneza yake, zikakutana kibuyuni mbele ya mgeni, basi. Na asali haikuguswa na moto.

Mwenye mizinga kwetu ni mtoto wa baba mdogo, na ndiye aliyemcheka shangazi kuliko wote. Nikamfuata huyo huyo. Lazima nimpe haki yake: hakukataa, na asali alitoa nzuri. Alisema tu, "Ikiharibika msiseme nimefanya makusudi."

Yeye akatengeneza ya asali bila moto, mimi mwanamke nikapika ya mtama. Pombe zote mbili zilipoiva, tukazimimina pamoja kibuyuni mbele ya shangazi. Nikaonja. Utamu ulitangulia, halafu uchungu ukashuka taratibu. Kama ndiyo yenyewe aliyokunywa yule msafiri, siwezi kuapa, sikuwepo. Shangazi alishika kibuyu kwa mikono miwili, akanywa, akanywa tena.

Yule ndugu yangu mwenye mizinga naye akanywa. Akafuta midomo, akasogeza kikombe.

"Shangazi, niongeze."

"Pombe ya muongo haiongezwi, baba," akamjibu, huku anammiminia.