Nimekaa Kufikiri, Wamefunga Turubai

Leo nimekaa kimya nusu saa tu, nikafiwa.

Jioni nilitakiwa niwaambie watu wangu mtaro upite wapi, maana mvua zinakuja na maji ya mlimani yataingia tena kwa Mama Neema. Jibu sina. Na ukiwa mwenyekiti wa mtaa hapa Pasiansi, kila dakika mtu anataka muhuri.

Nikaacha simu ndani, nikapanda jiwe la nyuma ya nyumba. Nifikiri.

Kufikiri kunawasha jamani! Mara nijikune, mara nihesabu mitumbwi ziwani.

Mama Neema akapita. "Shikamoo, mwenyekiti."

Nikatikisa kichwa tu.

Kosa hilo. Mdomo huu mnaujua, ukinyamaza lazima kuna maiti.

Mara nasikia vilio. Kina mama wanapanda na mikeka. "Pole baba, nani katutoka?" Chini uani vijana wanafunga turubai!

"Hajafa mtu! Nawaza mtaro!"

Mama Neema akafuta machozi. "Kuwaza tu, ndiyo ukunje sura hivyo?"

Nikashuka kwa hasira. "Na nyie, mbona turubai mmelibana ukutani?"

Mmoja wao akacheka. "Hapa katikati ndiyo njia ya maji, mzee. Tangu hujajenga choo chako hapo juu yake."

Watu wote wakanigeukia. Mkutano nikiita wanakuja saba, leo mtaa mzima upo.

Basi njia ya mtaro imepatikana. Choo changu kinavunjwa Jumamosi.

Chekeni, ila semeni: jiweni mnanililia, choo mnavunja, sasa nitafikiria wapi?