Jina Moja Kwenye Laiseni

Mume wangu alipochukuliwa na askari wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya enzi ya ukoloni, nilibaki Makongeni, Thika, na watoto wawili ndani ya chumba alichopewa kwa sababu ya kazi yake ya kiwandani. Baada ya mwezi mmoja niliambiwa nitoke. Nikaomba pasi ya kusafiri, nikahamia Ruiru kwa mama mmoja mjane aliyewahi kuwa jirani yetu. Alinizidi miaka kama ishirini, nami nilimwita maitu, yaani mama kwa Kikuyu chetu. Alikuwa akichuma kahawa katika shamba la Mzungu, na mimi nikaanza kuchuma kando yake.

Wazo la kufungua hoteli, yaani mkahawa mdogo wa chai, lilikuwa lake. Mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kuvimba, na kila jioni alirudi akiuburuta. Alikuwa ameona wafanyakazi wakishuka stesheni alfajiri bila hata kikombe cha chai tumboni. Akasema yeye anajua kupika mandazi, mimi najua kusoma na kuandika, kwa hiyo hakuna sababu ya sisi wawili kuzeekea kwenye mibuni.

Aliuza mbuzi wake wanne, ndio wote aliokuwa nao. Mimi niliuza baiskeli ya mume wangu bila ruhusa yake, kwa maana hata kambi aliyofungwa sikuijua. Tukapata kodi ya ploti, meza mbili, mabenchi na sufuria. Sukari na unga hatukuweza. Nikarudi Thika kwa Mhindi mwenye duka la jumla, ambaye nilinunua kwake tangu nilipoolewa, nikamwomba anipe bidhaa za mwezi mmoja kwa mkopo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba, kwa sheria ilivyokuwa, deni la Mwafrika likipita kiasi kidogo tu, korti haitalisikiliza mpaka ofisa wa serikali awe ameweka sahihi.

"Wewe nakujua," akasema. "Lakini usiponilipa, nitakwenda kushtaki wapi?"

Nikanunua sukari kidogo kwa fedha nilizokuwa nazo mkononi, nikaondoka. Unga wa kwanza tuliupata kwa mshahara wetu wa kahawa.

Ilibaki laiseni. Mkaguzi wa afya alitaka kuta zipakwe chokaa, choo kichimbwe mbali na jiko, na dirisha liwekwe wavu. Tulifanya yote kwa mikono yetu. Nilipofika kwa karani wa ofisi ya Disii, mkuu wa wilaya, na fomu niliyoijaza kwa mwandiko wangu bora, aliuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia. Akairudisha fomu. Alisema mwenye laiseni lazima awe na cheti cha utiifu kwa serikali, na mke wa mfungwa hawezi kukipata. Maitu naye hakuwa nacho.

Aliyekuwa nacho ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa askari wa ulinzi upande wa serikali, na kwa sababu hiyo yeye na mume wangu walikuwa hawasemezani. Nilimwendea nikiwa na hofu. Hakuuliza mengi. Alivaa koti lake, tukaenda naye mpaka ofisini, akatoa cheti. Nilimwomba karani aandike majina yetu matatu.

"Laiseni huandikwa jina la mwenye biashara," karani akasema. "Kama mna ushirika, andikeni mkataba wenu mbele ya mashahidi, mjue nani ametoa nini. Huo si wangu, ni wenu."

Akaandika jina la shemeji peke yake, kwenye laiseni na kwenye karatasi ya ploti. Maneno yake nimeyarudia kichwani maisha yangu yote. Usiku ule maitu alisema tuandike hiyo karatasi, shemeji aweke sahihi na yeye aweke kidole gumba. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia shemeji amejitolea kutusaidia bila kudai hata senti, na kumpelekea karatasi ni kumwambia usoni kwamba namwona mwizi. Maitu akasema basi iwe hivyo, kwa kuwa kati yetu mimi ndiye niliyesoma.

Hoteli iliendelea vizuri kuliko tulivyotarajia. Wafanyakazi walijaa asubuhi na saa za kutoka kazini. Shemeji alipita mara moja kwa wiki, akanywa chai, akaondoka. Kila mwaka alikwenda mwenyewe kulipia laiseni, na hakuwahi kutaka chochote. Maitu aliacha kahawa, na mguu ukaanza kupungua uvimbe.

Kisha shemeji akashikwa na kichomi. Aliugua siku tano tu. Nilipokwenda kumwona hakuweza tena kusema.

Wiki mbili baada ya mazishi, mkewe alikuja hotelini akiwa na ndugu zake wawili. Alisalimia vizuri. Akasema amekuja kuchukua ufunguo wa hoteli ya marehemu, na kwamba tukitaka anaweza kutuajiri. Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa amesimama, kanga nyeusi mabegani.

"Mume wangu hakuniambia hayo," akasema. "Aliniambia ana hoteli. Nina watoto watano, dada. Wewe ungefanya nini?"

Sidhani alisema uongo. Nadhani shemeji aliona haya kusema nyumbani kwamba anamsaidia mke wa ndugu aliyefungwa.

Tulikwenda korti ya wazee. Mzee aliyekaa katikati alikuwa mpole. Alituuliza kama fedha zetu zilikuwa mkopo kwa marehemu. Tukasema hapana. Akauliza kama tulikuwa waajiriwa wake, tunadai mshahara. Tukasema hapana, hoteli ni yetu. Basi akaomba mkataba wa ushirika, au shahidi mmoja aliyekuwepo tulipoafikiana. Shahidi pekee alikuwa kaburini. Karani wa laiseni alikuwa amehamishwa wilaya nyingine, na hakuna aliyejua ni ipi.

Waliamua tupewe meza na mabenchi, na sufuria pamoja navyo, kwa sababu fundi seremala aliyevitengeneza alikubali kusema nani alimlipa. Ploti na laiseni vilibaki kwa mjane. Tulibeba mabenchi kichwani mpaka nyumbani, maitu akitangulia. Nilingoja anilaumu, na angenilaumu ningepata pa kuanzia kuomba msamaha. Hakufanya hivyo. Siku iliyofuata alichukua kikapu chake akarudi kwenye kahawa.

Tuliishi nyumba moja kwa miezi mingine kadhaa, tukizungumza juu ya kuni na chumvi. Kisha binti yake aliyeolewa ng'ambo ya mto Chania alimwita, akaenda. Niliandika barua mbili. Katika ya pili nilisema kosa lilikuwa langu. Hakujua kusoma, na sikujua ni nani angemsomea, wala kama alisomewa. Majibu hayakuja. Mume wangu alipofunguliwa na kurudi, ndiye aliyesikia sokoni Thika kwamba maitu alikwisha kuzikwa tangu msimu wa mvua uliopita.