Miaka Ambayo Bibi Alikula Bila Chumvi

Mwaka huu, siku ya gulio la Makere, nilikuta pembeni ya wauza samaki wa migebuka pamefungwa turubai, na chini yake wamekaa vijana wawili wa afya wenye kipimo cha presha. Walikuwa wanapima bure. Foleni ilikuwa ya wanaume watupu, wengi wa rika langu, na kila aliyefungwa kile kitambaa mkononi alikikodolea macho kikivimba kana kwamba anasubiri matokeo ya mtihani. Mmoja akaambiwa presha yake imepanda, apunguze chumvi, pombe na sigara. Akainuka, akajikung'uta suruali, akawageukia wenzake: "Basi nimebakiziwa maji tu!" Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, halafu nikaanza kutafuta mahali pa kukaa, maana nilikuwa nimemkumbuka baba yangu, na kumkumbuka baba ni kumkumbuka bibi.

Kaa nami kidogo, rafiki yangu, nikusimulie.

Kwetu kulikuwa mlimani juu ya Makere, nyumba ya tofali za kuchoma iliyozungukwa na migomba, na nyuma yake mibuni. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, kwa hiyo mimi na kaka yangu tulilelewa na baba, na baba mwenyewe, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa bado analelewa na mama yake, yaani bibi. Asubuhi ukungu ulilala migombani na baridi iliuma vidole vya miguu. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, kisha kuteremka bondeni kuchota maji kabla ya shule. Nikipanda tena na ndoo kichwani nilisikia mchi wa bibi ukitwanga muhogo, na harufu ya maharage yaliyolala motoni ikinipokea mlangoni. Juu ya maharage hayo alimimina mawese yaliyoletwa kutoka kandokando ya ziwa, mekundu, mazito. Mpaka leo nikinusa mawese yakichemka nasikia njaa hata kama nimetoka kula.

Unawajua Waha na salamu zao. Kwetu hukutani na mtu ukapita. Unasimama, unapiga makofi polepole, unainama, unauliza habari za nyumba nzima, na usipouliza habari za mbuzi utaonekana umekulia mjini. Ukitumwa kwa jirani kuomba moto, ulirudi kaa limeshazimika. Tulilalamika sana kwa ajili ya salamu hizo. Tulikuwa hatujui thamani yake.

Nilizaliwa katika miaka ya uhaba. Uvinza, wanakochemsha chumvi, si mbali na kwetu, lakini miaka ile chumvi ilitufikia kwa zamu ya duka la kijiji, na zamu nyingine zilipita mikono mitupu. Bibi aliifunga kwenye jani la mgomba, akaliweka ndani ya kibuyu, akakitundika juu ya meko ili isipate unyevu. Sisi watoto tulikula sombe, yaani kisamvu, kama lilivyotoka shambani. Chumvi ilikuwa ya mgeni, ya mama aliyejifungua, na ya baba. Kati ya watoto wote aliowazaa, baba ndiye peke yake aliyembakia. Nilimwona mara nyingi akikishusha kibuyu, akichukua kidogo kwa ncha za vidole, akinyunyizia kwenye bakuli la baba huku ametugeuzia mgongo. "Akupendaye hakunyimi munyu," alikuwa akisema. Munyu ndiyo chumvi kwa Kiha. Sisi tulimeza mate, na hatukumwonea baba wivu, kwa kuwa hata sisi tulimpenda.

Baba alikuwa mpimaji kwenye ghala la ushirika la kahawa. Wakulima walikuja na magunia yao, wengine kutoka kijiji cha Rungwe Mpya, na wote walimwita "Mzee wa Mizani" ingawa hakuwa mzee. Akipita njiani alisimamishwa kila hatua. Jioni aliungana na wanaume wenzake kwenye chungu cha pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake mrefu, wanakunywa taratibu na kubishana kwa sauti zilizofika mpaka kwetu. Walikuwa na desturi moja. Mtu asipotokea, mrija wake uliegemezwa ukutani, na kabla chungu hakijakauka mmoja wao alitumwa nyumbani kwake kuuliza kumetokea nini. Ukiwa na homa, ukiwa na ugomvi na mkeo, ulijulikana jioni ileile. Haikuwezekana kuugua kwa siri.

Kisha zikaja zama za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Wanunuzi binafsi wakaanza kufika mpaka mashambani na mizani zao, na ghala la ushirika likabaki na popo. Baba hakufukuzwa. Viongozi wa ushirika walimshukuru, wakafunga milango, wakaondoka. Kwa muda mrefu aliendelea kuamka alfajiri, kunyoa ndevu, kuvaa shati lake la kazi na kwenda kukaa kwenye benchi mbele ya nyumba akiitazama barabara. Nilipokuwa naondoka kwenda shule nilimwacha pale, nikirudi nilimkuta palepale.

Madukani sasa kila kitu kilikuwepo. Chumvi kwa gunia, mafuta kwa debe, sigara za kila rangi ya pakiti. Baba, ambaye hakuwahi kuvuta, akaanza kuvuta. Kwenye chungu cha wenzake akaacha kwenda, kwa sababu huko walimuuliza habari za bei ya kahawa naye hakuwa na jibu. Mwanzoni walituma mtu kumuulizia, baba akawa anajificha nyuma ya migomba na sisi tunaagizwa kusema katoka. Baadaye chungu chenyewe kikapungukiwa watu, kila mtu akihangaika na lake. Baba akahamia kwenye gongo. Alikunywa chupa yake peke yake nyuma ya jiko, mchana, bila kubishana na mtu.

Na wakati wa kula akaanza kusema, "Mama, chakula hiki hakina ladha."

Kwa mwanamke aliyepita katika uhaba, maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Bibi alikishusha kibuyu, ambacho sasa kilikuwa kimejaa pomoni, akaongeza. Baba akaonja, akasema bado. Akaongeza tena. Mwisho maharage yake yalikuwa machungu kwa chumvi, sisi tusingeweza kuyameza, naye alikula akitazama ukuta. Bibi alimwangalia akila na uso wake ulikuwa na furaha. Hatimaye alikuwa na uwezo wa kumpa mwanawe chochote alichokosa.

Baba alianguka asubuhi moja akipalilia mibuni. Kaka yangu ndiye aliyemkuta, mdomo umepinda upande na jasho linamtiririka katika baridi ile. Wale wanaume wa chungu walikuja mbio kutoka kila upande wa mlima. Wakamlaza kwenye ingobyi, machela yetu ya kienyeji ya kusukwa, wakambeba begani kwa kupokezana mpaka barabarani, wakasimamisha lori, wakamfikisha hospitali ya mjini Kasulu. Bibi alitembea nyuma yao mpaka barabarani akiniburuta mkono, tukapanda lori pamoja nao. Njia nzima hakulia, alikuwa akiorodhesha kwa sauti ndogo majina ya watu waliowahi kumwonea mwanawe wivu.

Daktari alikuwa kijana wa pwani aliyepangiwa kazi huku kwetu, mwembamba, mwenye sweta nzito kwa sababu baridi yetu ilimshinda. Alimwamkia bibi shikamoo, akavuta kigoda akakaa mbele yake, akamwambia presha ya baba ilikuwa juu mno, moyo umechoka, na kwamba angalau safari hii atapona. Lakini aache sigara, aache gongo, na chumvi isiguse chakula chake.

"Weye daktari," bibi akamkatiza, "niambie nani amemroga umwana wanje. Hayo ya munyu tutayasema baadaye."

Nilitazamia acheke. Hakucheka.

"Bibi," akasema, "mimi udaktari nimesomea Urusi. Nilikuwepo serikali yao ilipoanguka. Viwanda vikafungwa. Wanaume waliozoea kuamka alfajiri na kwenda kazini wakabaki majumbani, hawana wa kuwaamkia. Pombe kali ilikuwa kila kona, sigara kila kona. Chakula chao chenyewe mafuta ya nguruwe na vitu vya kukaushwa kwa chumvi, baridi ikija mboga hakuna. Hospitali nazo dawa hazina. Basi wakawa wanaanguka, bibi. Wanaume wa umri wa huyu mwanao, wenye nguvu zao. Moyo tu. Nimewafunika kwa mikono yangu, wengi."

Bibi alipiga makofi polepole, kama tufanyavyo tukimpa mtu pole ya msiba, kwa ajili ya wafu hao wa mbali asiowajua. Kisha akauliza, "Sasa hao, nchi nzima, nani angeweza kuwaroga wote?"

"Ndilo nililokuwa najiuliza mimi pia," daktari akasema.

Sikumsikia tena bibi akitaja majina ya wenye wivu.

Nyumbani, chakula cha kwanza kisicho na chumvi baba alikionja, akakisukuma. Macho yake yalijaa machozi, nami sikuwahi kuyaona machozi yake. "Mama," akasema, "na wewe umenichoka?"

Maneno hayo yalimchoma bibi, nilimwona. Maisha yake yote kumnyima mtu chumvi kulikuwa ni kumwambia hatakiwi. Na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba akiendelea na mapenzi yake ya zamani atamzika mwanawe wa mwisho. Alisimama akatoka nje, tukadhani amekwenda kulia. Akarudi, akakaa karibu na baba kwenye mkeka, akamega tonge la ugali, akachovya kwenye bakuli lilelile, akala. Akamega tena. Baada ya matonge kadhaa baba naye akamega.

Kesho yake alikishusha kibuyu, akampelekea jirani. Tangu siku hiyo jiko letu lilikuwa na chungu kimoja na ndani yake hamkuwa na chumvi. Alihangaika na ndimu, vitunguu, pilipili, nyanya chungu, majani aliyoyajua mwenyewe. Mengine yalikuwa matamu, mengine, Mungu amrehemu, hayakufaa hata kwa mbuzi. Sisi watoto alituruhusu kula kwa jirani tukishindwa, na jirani yule alituchoka haraka. Bibi mwenyewe hakwenda kwa jirani. Hata arusini nilimwona akipitisha mkono juu ya pilau akisema ameshiba.

Kisha akawazungukia wale wanaume, nyumba kwa nyumba. Nilifuatana naye. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Mlimbeba akiwa hajitambui. Sasa mbebeni akiwa macho." Wakaja na mirija yao. Walikuta ndani ya chungu mna umutobe, maji matamu ya ndizi ambayo hayajachacha. Mmoja akaonja akakunja uso: "Eh, bibi, hiki ni kinywaji cha komunyo ya kwanza!" Lakini alikaa. Walilalamika kila jioni na kila jioni walikuja, na baba akaanza tena kubishana nao kwa sauti inayofika bondeni.

Nisikudanganye kwamba mambo yalikwenda sawasawa. Sigara ilimrudia baba mara nyingi, na kuna wakati vidonge vyake vya presha vilikosekana mjini tukashinda tukimtazama anavyopumua. Kati ya wale waliombeba, wawili walianguka kabla yake, ghafla, kama wale wa daktari. Baba aliishi. Alikuwepo nilipomaliza shule, alikuwepo nilipoolewa, na aliwaogesha wajukuu.

Bibi ndiye aliyetangulia. Uzee ulimlaza kitandani msimu mmoja wa mvua, akawa hali kitu. Baba alikataa mtu mwingine yeyote kumpikia. Siku hiyo nilikuwepo. Alipika maharage kwa mawese, akaenda dukani mwenyewe, akarudi na chumvi, akaitia, maana daktari alimwambia ampe bibi chochote anachotamani. Alikaa kitandani, akampulizia kijiko, akamlisha kwa upole ambao sikujua mikono yake inao.

Bibi alionja. Akafinya uso kama mtoto anayepewa dawa.

"Umwana wanje," akanong'ona, "munyu umekuwa mwingi."

Baba alibaki ameshika kijiko. Sote tulijua kwamba alikuwa ametia kidogo tu, kwa ncha za vidole. Alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akambusu mkono, akatoka na bakuli kwenda kupika upya.

Sasa wote wawili wamelala nyuma ya mibuni, na mibuni yenyewe imeng'olewa. Palipokuwa na ghala wanachaji simu. Makere wanaume bado wanakunywa, kila mmoja na chupa yake na kiti chake cha plastiki, na asipotokea mtu hudhaniwa yuko safarini. Siwalaumu, nami huwapita majirani zangu kwa kuwapungia mkono. Ila siku ile gulioni, yule bwana aliyechekesha watu aliondoka na karatasi yake ya kipimo, nikamtazama akipanda mlima, na nilitamani kwa moyo wangu wote kumuuliza: nyumbani kwako, chakula hicho cha chumvi kidogo utakila na nani?