Maneno Meupe Niliyoyaficha Kwenye Tovuti ya Ndagala

Nikikutana na mama yeyote wa chama chetu cha wakaushaji ndagala, yaani dagaa, hapa Rumonge, bado nainamisha macho kidogo, nao wana haki ya kunicheka, maana aibu hii hakuna aliyeniletea, niliitengeneza mwenyewe kwa vidole vyangu.

Mimi ndiye niliyewafanyia tovuti. (Nilisoma informatiki Bujumbura, na tangu hapo simu ya mtu yeyote mtaani ikigoma, inaletwa kwangu.) Niliweka picha na namba ya simu ya Mama Goreti, prezida wetu, aliyekulia ukimbizini Tanzania na ambaye hutusahihisha Kiswahili sote, nikaeleza kwamba ndagala zetu zinaanikwa juu ya wavu, siyo chini, ndiyo maana hazina mchanga. Yote kweli. Ila mtu akitafuta ndagala kwenye intaneti, sisi tulitokea ukurasa wa tano, na huko nani anafika? Kila asubuhi Mama Goreti ananiuliza, "Nadine, tumepanda?" mpaka nikachoka kujibu bado.

Basi nikajiambia, mashine ya kutafutia inasoma maneno tu, haina habari na macho ya watu, kwa hiyo nikiandika kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, mashine itaona na watu hawataona. Nikaandika "ndagala" mara nyingi mpaka mkono ukachoka, nikaona utamu, nikaongeza vitu vinavyotafutwa kila siku: hoteli yenye pisini ya kuogelea, visa ya Canada, matokeo ya mpira, na (nisameheni) dawa ya kumrudisha bwana aliyekimbia.

Na kweli tukapanda. Mama Goreti akatangaza sokoni kwamba nina kichwa, nami sikukataa. Hata kijana mmoja alipompigia simu kuuliza visa inachukua siku ngapi, akamjibu kwa upole kwamba sisi tunauza samaki, kisha akaniuliza kama watu wa Canada nao wanakula ndagala. Nikasema pengine.

Siku moja akaja madamu kutoka Bujumbura, mwenye maduka, aliyetupata kwa kutafuta intaneti hivyo hivyo. Akiridhika, angechukua samaki wetu kila wiki. Mama wote wakavaa vitenge vya misa, tukampokea kwenye sali ya mikutano ya parokia, nami nikasimama mbele kueleza tovuti kama profesa. Madamu akatoa simu yake mwenyewe aifungue.

"Mwangaza inaniumiza macho," akasema, "nilisha weka simu yote nyeusi."

Ukurasa mweupe ukawa mweusi, na maneno yangu yakawaka pale kama taa za wavuvi ziwani. Madamu, akidhani ni tangazo, akasoma kwa sauti, taratibu: "Ndagala, ndagala, ndagala, ndagala. Hoteli iko na pisini. Visa ya Canada. Dawa ya kurudisha bwana mwenye alikimbia."

Halafu Mama Zawadi, mama wa Uvira aliyekaa mbele kabisa, ambaye mume wake alihamia Kabonga na hajarudi, akasimama.

"Nadine, ni mimi uliandika?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Hapana, mama. Si wewe. Ni ya watu wote."

"Bwana ya watu wote alikimbia?"

Kicheko kikaanzia nyuma, nami nikaungama kila kitu. Madamu hakucheka. Akafunga simu, akasema, "Sasa kama munaficha maneno hapa, mimi nitajua je hamufichi muchanga mu magunia?"

Mama Goreti alivuta gunia moja, akalimwaga lote juu ya mkeka, mbele ya miguu ya mgeni, na mama wote wakapiga magoti kuchambua, nami pia na blauzi yangu nyeupe. Mama Zawadi akasugua konzi nzima ya samaki juu ya sahani, akamwonyesha: hakuna hata punje moja ya mchanga. Madamu akatafuna mmoja.

"Samaki iko muzuri," akasema. "Lakini yale maneno yatoke leo, nikiwa hapa."

Koneksio ya intaneti ilikuwa mbaya, ikabidi nipande kwenye benchi karibu na dirisha, simu juu, nafuta moja moja huku wananiuliza.

"Pisini imetoka?"

"Imetoka."

"Na bwana?"

"Huyo anakawia," nikasema, na hata Mama Zawadi akacheka, na hapo nikapumua.

Madamu alianza na magunia machache, ya kutujaribu. Ila mashine yenyewe nayo ilikuwa imegundua ujanja wangu, kwa miezi kadhaa hata ukiandika jina lote la chama hatukuwa tukitokea popote. Nikaanza upya, safari hii kwa kuwauliza mama wenyewe: namna ya kuchagua ndagala, kuziosha, kuzipika na mawese. Maelezo ya Mama Zawadi ndiyo yanayosomwa kuliko yote, na sasa tuko ukurasa wa pili, polepole.

Mimi sitaandika tena neno ambalo siwezi kulisoma mbele ya wenyewe. Kila ukurasa mpya nawasomea kwanza, wote wakisikiliza, na nikimaliza Mama Zawadi huniangalia usoni.

"Na maneno yenye hukusoma?"

"Hakuna, mama."

"Basi, weka."