Koleti Iliyokatwa Palepale

"Senge, ulijuaje kwamba shafti haitayumba?"

Fauzia alikuwa darasa la tano alipouliza. Shangazi yake Zeituni, mkereza vyuma katika karakana ya Cleophas mjini Kakamega, alikuwa na grisi hadi viwikoni. Badala ya jibu, akamtuma sabuni.

Wiki ile ilianza vibaya. Lusweti, mchimba dhahabu wa Malinya, alirudisha shafti ya pampu kwa mara ya pili. Ilikuwa imekerezwa upande, na shimo lao lilikuwa limejaa maji.

"Dada, hii kitu inachezanga ngoma ya isukuti!"

Mafundi wa mageti wakacheka. Cleophas hakucheka. "Taya za hiyo mashine ya kukereza zimeisha, hazishiki chuma sawasawa. Ijumaa watu wa vyuma chakavu wanakuja kuibeba. Wewe utahamia kwa rangi, upake mageti."

"Miaka tisa nakereza, leo nikapake mageti? Nipe mpaka hiyo Ijumaa."

"Mama, huyo ng'ombe amekufa. Utamkamua nini?"

"Basi niache nikamue."

Akachomeka mtandio ndani ya ovaroli, akachagua kipande cha ekseli ya lori. Alitaka koleti: bomba fupi lililopasuliwa kwa msumeno, linalosukumwa ndani ya mdomo wa chuma, mpana nje, mwembamba ndani, hadi likabana chuma pande zote kama ngumi. Taya za kale hazingehitajika tena.

Mdomo huo akaukata Jumanne kwa jirani, kwenye mashine mpya. Ukang'aa kama kioo. Jumatano akaufunga kwa boliti kwenye mashine yake, akawasha. Mshale wa saa ya kupimia myumbo ukatikisika vilevile.

"Mama Koleti!" mafundi wakamzomea. "Ijumaa ni keshokutwa!"

Zeituni akachutama, akatazama chuma kikizunguka. Kosa lake lilikuwa kuheshimu mashine ya watu. Mdomo ulikuwa umenyooka, ndiyo, lakini ulinyookea mzunguko wa kule ulikokatiwa, si wa mashine hii. Hakuufungua. Akashika kisu cha kukerezea, akaanza kuukata upya palepale ulipofungwa.

Cleophas akaja mbio. "Unaharibu kitu kizuri!"

"Kizuri kwa nani? Kwa jirani!"

Kisha, bila kulegeza pembe ya kisu, akakereza koleti yenyewe kwa mteremko uleule. Fundi mmoja alipoegemea mashine, Zeituni alimrukia kwa maneno: "Toa mkono! Ukisogeza hiyo pembe, wewe ndiwe utaenda rangi."

Ijumaa pikapu ya vyuma chakavu ilisimama langoni, injini ikinguruma.

"Zima hiyo mashine, mama," Cleophas alisema.

Hakuzima. Ndani ya koleti kulikuwa na shafti mpya ya Lusweti, na alikuwa hajamaliza. Alipomaliza, akasogeza saa ya kupimia. Mshale ukasimama tuli. Lusweti, aliyefika kuichukua, akaibiringisha shafti juu ya kioo cha dirisha kuukuu, akainama kutafuta mwanga unaopenya chini yake, asiuone.

"Hii haichezi," alisema. "Hii imeokoka kabisa!"

Cleophas akakuna kidevu, akaenda langoni kuwaambia wenye pikapu wabebe mabati mabovu.

Sasa Fauzia yuko kidato cha tatu, na mashine ile ingali inakereza. Likizo ya Agosti alimuuliza tena, neno kwa neno. Safari hii Zeituni hakumtuma popote.

"Sikujua," alisema. "Nilijua tu kwamba Cleophas pia hajui."